Meksiko ya Engaruka

Nasma, mwenye duka la vitenge Karatu mjini, alipomwambia mumewe kwamba anatamani kuiona miji ya kale ya Meksiko, ile ya mawe juu milimani, Muksini hakumcheka. Alifanya kibaya zaidi: alimpa suluhisho.

"Meksiko ya nini, Mama Hasna? Mawe hata Engaruka yapo. Jumapili nakupeleka."

Kufika Ijumaa, soko zima lilijua kwamba Muksini muuza vipuri anampeleka mkewe ng'ambo.

Jumapili waliteremka kwa gari lao hadi Mto wa Mbu, wakashika barabara ya vumbi ya Engaruka. Nasma alivaa raba. Muksini, kwa kuwa ndiye mtaalamu wa safari, alivaa viatu vyake vya ngozi vya Idi. Kijijini walimpata Sakaya, Mmasai wa makamo anayetembeza wageni, akawatangulia kupanda kwenye magofu.

"Piramidi iko wapi?" Muksini aliuliza, hata jasho halijamtoka.

"Hakuna, mzee. Hapa waliishi wakulima. Hizi ni kuta za nyumba zao, na ule mfereji ulileta maji mashambani."

"Na mfalme wao?"

"Hatujui kama walikuwa naye."

Muksini alimgeukia mkewe kama mtu aliyeuziwa betri mbovu. "Mashamba! Si tungeenda Daa tu, hapo karibu na kwetu, tukaone mashamba yenye mahindi?"

Hata hivyo, picha ilikuwa lazima. Soko lilikuwa likisubiri. Akautazama ukuta mmoja.

"Usipande, mzee," Sakaya alisema. "Mawe yamelegea."

"Mimi mwepesi."

Hiyo ilikuwa habari mpya kwa kila aliyewahi kumwona. Akapanda, akashika kiuno, akainua kidevu kifalme. Jiwe lililovumilia jua na mvua za karne nyingi halikumvumilia Muksini. Likateleza, naye akafuata.

Sakaya alilirudisha jiwe mahali pake kwanza, ndipo akamtazama majeruhi. Kifundo cha mguu kilikuwa kinavimba. Nasma alikifunga kwa mtandio wake.

"Nashuka kutafuta punda," Sakaya alisema.

Muksini alikaa kivulini, uso umemkunjamana. Kisha, bila utani, akasema, "Nenda juu, mke wangu. Usije ukasema nilikuleta ukaishia kuona mguu wangu."

"Nikuache peke yako?"

"Nina mawe. Nenda."

Nasma akapanda, akiufuata mfereji. Juu hapakuwa na ukungu wala ngazi za kutisha kama za Meksiko aliyoiota. Palikuwa na jua kali, mavi ya mbuzi, na mawe yaliyopangwa moja baada ya jingine mpaka macho yakachoka. Akachuchumaa, akatia mkono kwenye mfereji mkavu. Kuna mwanamke aliyeyabeba haya mgongoni, aliwaza, na bila shaka mumewe alisimama palepale akimwelekeza. Akacheka peke yake. Alikaa pale mpaka aliposikia punda akilia chini.

Muksini alishushwa mlima juu ya punda, amemshikilia shingoni. Garini, Nasma akiendesha naye mguu ukiwa juu ya kiti, Muksini aliuliza, "Haya, huko juu kuna nini?"

Nasma akamweleza yote: mfereji, mawe, na yule mwanamke. Njia nzima mpaka Karatu Muksini alisikiliza bila kumkatiza hata mara moja.

Huenda ni maumivu.