Wimbo wa Brina

Fiorenza Galbusera alikuwa na kipaji ambacho mtu mwenye haya asingekitangaza: aliweza kutunga wimbo wa katuni asiyoijua, akauimba kwa sauti ya mtu aliyezaliwa ndani yake.

Kazi yenyewe ndivyo ilivyokuwa pale Milano mwanzoni mwa miaka ya themanini. Katuni zilinunuliwa Japani kwa mkupuo, zikafika vipande vipande, zikatiwa sauti za Kiitaliano wiki kwa wiki. Mara nyingi watia sauti walikuwa bado wamo katikati ya hadithi huku watoto wameshaanza kutazama mwanzo wake. Lakini wimbo wa ufunguzi haukuwa na subira. Santuri yake ilitakiwa madukani kabla ya Krismasi, maana baada ya hapo wazazi hufunga pochi. Basi mtunzi alipewa picha moja na mistari mitatu ya maelezo, akaambiwa haya, imba.

Fiorenza hakulalamika. Aliwahi kumsifu dubu jasiri kwa beti nne, kumbe mnyama mwenyewe alikuwa nyegere. Watoto waliimba dubu huku wakimtazama nyegere, na hakuna hata mmoja aliyeuliza. Tangu hapo alijiaminisha kwamba wimbo ukiwa mtamu, mengine yatajipanga yenyewe. Ni imani nzuri kwa mtu anayelala usingizi mzito.

Brina naye alimjia hivyohivyo. Picha ilionyesha mbwa jike mweupe kwenye theluji, na maelezo yalisema kapotea mbali na nyumbani, anavuka milima kumtafuta mvulana wake. Bwana Pirovano, aliyesimamia nyimbo za watoto kwenye kituo cha televisheni, alimkabidhi karatasi ile huku anatafuna.

"Mwisho wake unakuwaje?" Fiorenza aliuliza, kwa adabu tu.

"Anafika bwana, afanye nini tena? Hii ni katuni. Ulitaka wamzike?"

"Wewe umeuona?"

"Niuone wapi? Filamu zenyewe ziko melini. Niletee kitu chenye tarumbeta."

Akamletea kitu chenye tarumbeta.

*Kimbia, Brina, kimbia,*
*mlango haujafungwa,*
*supu iko mezani,*
*jioni hii unafika!*

Nchi nzima iliushika. Uliimbwa kwenye ngazi za maghorofa, kwenye viwanja vya shule, na vijana wa mpira wakaubadilisha maneno ili wawatukane waamuzi. Nyumbani kwa Fiorenza, huko Sesto, kando ya Milano, waimbaji wakuu walikuwa wawili: binti yake Mirta, wa miaka saba, na baba yake, mzee Olindo, aliyestaafu kwenye kiwanda cha kuyeyushia chuma. Mama akiwa studio, babu na mjukuu walikaa pamoja mbele ya televisheni kila jioni, blanketi moja magotini. Wakigombana, ni juu ya njia gani Brina angepita.

Mwezi wa Januari kikohozi cha mzee kilibadilika sauti, akapelekwa hospitali. Jumatatu moja daktari alimvuta Fiorenza kando ya korido akamwambia bila kuzungukazunguka kwamba mapafu yamekwisha na mzee hatoki. Kama kuna mjukuu, aletwe mapema. Fiorenza aliitikia kwa kichwa, akashukuru, akapanda tramu. Alipofika nyumbani Mirta alikuwa anamngoja mlangoni na kijiko mkononi.

"Babu anarudi lini?"

"Baridi ikipungua. Anarudi, mama. Anarudi."

Neno lilimtoka lenyewe, na lilitoka vizuri, hata likawa na mahadhi. Mtoto akarudi kwenye sahani yake. Kesho yake Fiorenza alijiambia atamweleza kesho. Siku zikapita hivyo. Alipokwenda hospitali mzee aliuliza kabinti kako wapi, naye alijibu kana mafua. Uongo ule haukumnyima usingizi mara moja. Ulimnyima kidogokidogo.

Ikafika siku ya Mtakatifu Blasio, mlinzi wa koo. Siku hiyo Wamilano hutoa kabatini panettone, ule mkate mtamu uliobaki tangu Krismasi, wakautafuna mkavu ulivyo ili koo lisiugue mwaka mzima, na padri humwekea kila mtu mishumaa miwili chini ya kidevu akambariki. Hakuna mwimbaji wa Milano anayeikosa baraka ile, awe wa kanisa au wa baa. Mwaka ule Padri Ercole, mtu wa kupenda mambo makubwa, aliamua kuunganisha sherehe. Aliomba na kupewa kanda ya sehemu ya mwisho ya Brina, iliyokuwa itangazwe jioni ileile. Watoto wa parokia wangebarikiwa koo, waitazame kabla ya Italia nzima, kisha Fiorenza Galbusera mwenyewe aimbe jukwaani, halafu mkate.

Ukumbi ulijaa hadi madirishani. Fiorenza alibarikiwa, akaenda kusimama nyuma ya pazia na kipaza sauti chake. Kutoka pale aliiona televisheni kubwa kwa ubavu, na alimwona Mirta mstari wa mbele, shingo imesimama kwa maringo.

"Ni mama yangu ndiye katunga," Mirta alimwambia jirani yake. "Mwisho anaujua. Ila hasemi."

"Hata kwako?"

"Hata kwangu."

Tarumbeta zikalia, watoto wakaimba, viti vikatikisika. Fiorenza alitabasamu gizani. Mtu akikwambia hajali kuimbiwa na ukumbi mzima, huyo hajawahi kuimbiwa.

Halafu hadithi ikaanza, na Brina akafika kweli. Kwa hilo Pirovano hakusema uongo. Alifika usiku, theluji ikianguka, anachechemea mguu mmoja, akaukuta mlango umefungwa. Akakwaruza. Ndani mvulana alijigeuza kitandani, akadhani ni upepo. Brina akakwaruza tena, polepole zaidi, kisha akajikunja pale kizingitini. Theluji ikaendelea kuanguka. Asubuhi mvulana alifungua mlango akitaka kwenda kuchota maji, akakanyaga kitu.

Fiorenza aliduwaa. Hapana, alijisemea, wanatutisha tu, ataamka sasa hivi. Akamngoja mbwa afumbue jicho. Alimngoja kwa nguvu zote, kama mtu anayesukuma gari lililozimika. Mvulana alifukua theluji kwa mikono mitupu, na hapakuwa na muziki wowote, ni pumzi zake tu, hadi ule mwili mweupe ukaonekana wote. Mvulana akaulalia. Picha ikaganda hapo, ikawa nyeusi.

Tarumbeta zikalia tena.

Ndiyo desturi: wimbo uleule hufungua na hufunga. Sauti ya Fiorenza ikatoka kwenye televisheni, changamfu, yenye afya, ikiwaambia watoto mia waliokodoa macho kwamba mlango haujafungwa, supu iko mezani, jioni hii anafika. Mtoto mdogo mmoja alicheka, akidhani hadithi inaanza upya na mbwa kapona. Aliyelia kwanza alikuwa wa nyuma kabisa, kisha wa pembeni yake, kisha kilio kikauchukua ukumbi mzima. Fiorenza alisimama na kipaza sauti kifuani. Alitamani kuingia kwenye ile televisheni aizibe ile sauti mdomo.

"Huyu mwanamke ana moyo wa namna gani?" mama mmoja alisema karibu na pazia, amebeba mtoto anayetetemeka. "Supu, supu, na mbwa kafia mlangoni!"

Wakati huohuo Padri Ercole alitokea jikoni, makombo yamemjaa kifuani. Alikuwa akikata mkate muda wote na hakuona kitu. Kelele zile alidhani ni za shangwe.

"Haya, wanangu!" alinguruma. "Tumeshiba macho, sasa tushibe masikio! Fiorenza wetu huyo!"

Akavuta pazia mwenyewe. Fiorenza akatoka, maana miguu yake ilishazoea kumtii padri tangu komunyo ya kwanza. Mtu wa mitambo, naye akifuata maagizo yake, akawasha muziki. Fiorenza akafungua mdomo. Lile koo lililobarikiwa saa moja tu iliyopita halikutoa hata sauti ya kuku. Muziki ukaenda peke yake ubeti mzima kabla mtu hajauzima.

Mvulana mmoja mwenye miwani alisimama juu ya kiti.

"Ulikuwa unajua?"

"Sikujua."

"Si wewe uliyetunga?"

"Nimetunga mimi. Sikuiona."

Kipaza sauti kilikuwa hai. Neno lile lilipita kwenye spika mbili kubwa, likarudi kutoka ukuta wa nyuma, na Fiorenza akalisikia kama wengine walivyolisikia. Katika miaka yote ya kazi hakuwahi kulitamka mbele ya watu. Alimtazama Mirta. Mirta hakuwa analia. Alikuwa amesimama, koti lake limeshafungwa vifungo vyote.

Nje ukungu ulikuwa umeshuka hadi mabegani. Walitembea kuelekea kituo cha tramu, mtoto mbele, mama nyuma.

"Hukuiona," Mirta alisema bila kugeuka.

"Hakuna anayeonyeshwa, mwanangu. Wananipa picha, basi."

"Ukasema tu kwamba anafika."

"Nilidhani anafika. Kila mtu alidhani."

"Mimi sikudhani. Mimi nilikuamini."

Walifika kituoni. Mirta alisimama chini ya taa, sasa amemgeukia, uso mdogo umekazwa kama wa hakimu.

"Na babu?"

"Babu kafanyaje?"

"Unasema anarudi. Umeona, au umepewa picha?"

Pale ndipo Fiorenza aliposhtuka kweli. Ukumbini aliaibika, aliogopa, alijichukia. Hili la sasa lilimpiga mahali pengine. Na jambo la kutisha kuliko yote ni kwamba uongo mwingine ulikuwa tayari mdomoni, laini, na mizani yake imetimia. Aliumeza. Ulishuka kwa shida.

"Nimeona," alisema. "Daktari aliniambia. Babu harudi."

Tramu ilikuja, ikafungua milango, ikafunga, ikaenda zake. Mirta alikuwa anatazama viatu vyake.

"Amekufa?"

"Bado. Lakini ni karibu sana."

"Ananiulizia?"

"Kila siku."

Mirta alimpiga ngumi moja ya tumbo, juu ya koti, ngumi ya mtoto wa miaka saba, na Fiorenza akaipokea maana ilikuwa haki yake. Kisha mtoto akamshika mkono.

"Basi twende. Nyumbani sitaki. Twende kwa babu."

Wakaingia tramu iliyofuata. Njiani Fiorenza alikuwa anapanga namna ya kumwandaa: usishtuke akiwa amekonda, usimwambie kwamba unajua, au mwambie, hata yeye mwenyewe hakujua lipi. Hakusema hata moja. Alishagundua siku hiyo kwamba mdomo wake si wa kuaminiwa.

Muuguzi wa zamu alimtazama mtoto, akatazama saa ya ukutani, akasema yeye hajaona mtoto yeyote akipita, ila wasikae sana. Mzee Olindo alikuwa ameinuliwa kwa mito mitatu. Mikono iliyokuwa ikibeba vyuma vya moto sasa ilikuwa juu ya shuka, miepesi, haina kazi. Alipomwona Mirta, uso wake wote ulikunjuka.

"Kabinti kamekuja," alisema. "Mafua yamekuachia?"

Mirta alimtupia mama yake jicho moja. "Yameniachia, babu."

"Sogea. Hapa hapa, panda. Hawa wenzangu washenzi, saa ya Brina wanataka mpira. Wewe umeiona ya mwisho?"

"Kule kwa Padri Ercole."

"Enhe." Alivuta pumzi, ikachukua muda kumfikia. "Nimeiwaza siku nzima. Kafika?"

Fiorenza alikuwa amesimama miguuni pa kitanda. Alitaka kujirusha katikati ya swali lile kama mtu anayewahi glasi inayodondoka. Hakuwahi.

"Kafika, babu," Mirta alisema.

"Usiku?"

"Usiku. Theluji nyingi."

"Na mvulana, alikuwa macho?"

"Alikuwa macho. Hakulala kabisa. Alimsikia tangu mbali, akaenda kumfungulia."

Alisema bila kusita, bila hata kupepesa, na sauti yake ilikuwa ileile ya mama yake, ile ya kwenye santuri. Hakuna aliyemfundisha mtoto yule kufanya vile.

"Afadhali," mzee alisema. Alifumba macho akapumzika, kisha akayafumbua, akamtafuta binti yake kule miguuni. Hakuwa mjinga, mzee Olindo. Maisha yake yote aliwajua wenye kuuza chuma kibovu kwa kuwatazama usoni. "Ni kweli, Fiorenza? Ndivyo ilivyokwisha?"

Mirta naye alimgeukia. Juu ya bega la babu yake macho yalikuwa makavu, makubwa, yanangoja.

"Ndivyo, baba," Fiorenza alisema. "Safari hii nimeiona mwenyewe."