Taa ya Kijani Mkononi mwa Shantel

Shantel alikuwa na ugonjwa wa sukari. Kila asubuhi mamake, Nasimiyu, alimdunga kidole kupima damu, mtoto akilia mpaka nusu ya wapangaji wa ploti yao mtaani Rhonda wanachungulia. Basi Kiprugut, kijana wa utafiti, alipoleta plasta laini ya kubandika mkononi, yenye taa, inayopima sukari kwa jasho, Nasimiyu aliona mbingu zimefunguka. Taa kijani, mtoto yuko sawa; nyekundu, mkimbize hospitali. Kiprugut akasema ngozi iwe kavu, na kidole kiendelee kudungwa, maana plasta bado iko kwa majaribio. Hilo la kidole liliingia sikio hili likatokea lile.

Jumamosi mama mkwe akafika kutoka Bungoma. Alimkagua mjukuu juu mpaka chini, ngozi imepauka kwa kukosa mafuta, akaguna.

"Mama Shantel, huyu mnamuogesha na jivu? Kesho kanisani watasema mwanangu Wasike alioa mvivu."

Yalimchoma. Jumapili Nasimiyu akabandua plasta, akampaka mtoto mafuta ya mgando mpaka akang'aa, kisha akaibandika tena juu ya mafuta. Taa ikabaki kijani. Na kijani ni kijani, hata sindano ya dawa ya kila siku akairuka.

Kanisani Shantel aliomba maji, akaomba tena, akatoka kukojoa mpaka watoto wakamwita bomba. Bibi yake akasema hayo ni madeko ya watoto wa taoni. Jirani yao Trizah akamnong'oneza Nasimiyu ampime kidole. Nasimiyu akamwonyesha taa.

"Mashine haina wivu, Trizah. Wewe ndio unataka wangu alie."

Jumatatu Shantel akatapika, pumzi ikinuka kama matunda yaliyooza. Mamake akamwambia aache kujifanya, shule haikimbiwi hivyo. Alipomwinua kumvalisha sare, shingo ikalegea.

Hospitalini walidunga kidole, wakaanza kukimbia. Jioni haikumkuta.

Kiprugut alifika mwili ungali kitandani. Aliinua plasta, akasugua mafuta kati ya vidole vyake.

"Jasho halikuwa linafika, mama. Taa ilikuwa inarudia kipimo cha Jumamosi."

Mama mkwe akakatiza kilio chake, akamnyooshea Nasimiyu kidole.

"Mmesikia kwa mdomo wa mwenye mashine? Ni yeye alimpaka."

Wasike hakuuliza nani alisema mtoto ana jivu. Alimshika mama yake mkono wakatoka, wakamwacha Nasimiyu amesimama hapo na maiti.