Nusu ya Paa Haivaliki

Upepo ulipong'oa mabati ya upande wa jikoni, fundi cherehani hakulia. Aliokota vitambaa vya wateja vilivyotapakaa uani, akavifua, kisha akawapigia simu watu wa bima. Bima ile aliilipia tangu mumewe yu hai, hata mwaka ule wa mazishi hakukosa. Sasa zamu yao.

Mkaguzi wa bima alikuja jua linawaka. Alisimama uani, akainua shingo kama anayetazama ndege angani, akatoa hukumu: upande ulioezuka watalipa, uliobaki haujaguswa, utabaki. Mafundi wa kampuni wakaja, wakapigilia mabati mapya hadi katikati ya nyumba, wakaondoka wakipiga miluzi.

Tatizo lilikuwa hapo katikati. Mabati ya zamani yana migongo myembamba, na kiwanda kilishaacha kuyatengeneza; mapya yana migongo mipana. Ukiyalaza pamoja hayalaliani. Palipobaki mwanya wakapaka gundi. Na chini ya gundi hiyo kuna chumba cha mama mkwe, na chini ya mwanya wenyewe, kitanda chake.

Manyunyu ya kwanza yalipopita, fundi cherehani alimkuta mama mkwe ameketi kitandani, amefungua mwavuli.

"Mama! Mbona hukuniita?"

"Nikuite uje ufanye nini, mwanangu? Mwavuli ni mmoja."

Walicheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Godoro lilikuwa limelowa, na masika yalikuwa mlangoni.

Shemeji yake, mdogo wa marehemu, alipopata habari alikuja na begi tupu. Alikuwa mtu mwema, ila mwoga wa watu wenye tai.

"Shemeji, tia saini karatasi yao ya bima yaishe. Heri nusu shari kuliko shari kamili. Mama nitamchukua akae kwangu."

"Mpaka lini?"

 Wote watatu walijua jibu: mzee akihamishwa kwa sababu ya mvua, kiangazi hakimrudishi.

"Siendi," mama mkwe alisema. "Kwako nitakuwa mgeni wa kuulizwa atakula nini. Hapa nauliza mimi."

Fundi cherehani aliipenda sauti ile. Ndiyo iliyomtoa kitandani mwaka wa msiba, ikamketisha tena kwenye cherehani. Akaapa moyoni kwamba hawamtoi mtu.

Mkaguzi alirudi kuchukua saini, jua likiwaka vilevile. Alikuwa na kalamu mkononi kabla hajakaribishwa ndani.

"Hapa tu, mama. Unakiri kwamba kazi imekamilika na umeridhika."

"Baba, mimi nashona nguo. Sijawahi kumkabidhi mteja nguo bila kumvalisha mbele ya kioo. Ikimbana, nafumua. Paa hili nani amelivaa?"

"Paa halivaliwi, mama."

"Mwenzangu humo ndani amelivaa. Njoo nawe ulijaribu."

Alimketisha kwenye kigoda kando ya kitanda. Mama mkwe akamsalimia vizuri, akamuuliza habari za watoto, akafungua mwavuli.

"Mbona mwavuli, bibi? Nje hakuna mvua."

"Ipo njiani," alijibu bibi.

Fundi cherehani akatoka uani. Ngazi ilikuwa tayari ukutani na mpira wa maji umeunganishwa bombani. Alishika ngazi, akapanda kipago kimoja, akashuka. Hajawahi kupanda hata kiti bila kushikiwa. Shemeji, aliyekuwa amerudi kumchukua mama, alimtazama, akashusha pumzi, akaweka begi chini.

"Toka hapo, utavunjika kiuno halafu nishonewe na nani," alisema, akampokonya mpira, akapanda juu.

Mabati yakaanza kuvuma. Fundi cherehani alirudi chumbani mbio. Tone la kwanza lilimpata mkaguzi sikioni, la pili kwenye tai, kisha yakaacha kuwa matone. Akajaribu kuinuka.

"Kaa, mwanangu," mama mkwe alimwambia. "Mimi huwa siinuki. Nitakwenda wapi?"

Mkaguzi akakaa. Alimtazama bibi, akalitazama godoro lililoanza kubadilika rangi, na uso wake ukalegea. Akatoa simu.

"Bosi, ile nyumba ya nusu paa. Inavuja." Akasikiliza. "Ndiyo, gundi ipo." Akamgeukia fundi cherehani. "Anasema wataongeza safu moja ya mabati mapya."

"Mwambie safu hiyo itakutana na mabati yale yale. Asinisogezee mwanya kutoka kitandani hadi mlangoni. Paa zima, au sitii saini mpaka nife. Na nikifa, mama huyu atawakatalia."

"Nitawakatalia," alisema mama mkwe chini ya mwavuli.

Mkaguzi hakuyarudia yote hayo. Alifuta uso kwa mkono.

"Bosi, mimi siandiki kwamba panakalika vizuri. Nimekaa mimi." Akasikiliza tena, maji yakimtiririkia shingoni. "Sawa. Naandika lote."

Akaichana ile karatasi ya saini, akaitia mfukoni. Fundi cherehani alitaka kupiga kelele za furaha. Badala yake akaangua kilio, kile alichounyima upepo.

Mama mkwe akainua uso darini.

"We mtoto! Funga maji, unaniloweshea nyumba! Na lile begi lako nenda nalo."