Bilauri ya Memsahibu

Tangu jana magharibi Hemlata hakutia kitu kinywani, hata tone la maji. Ilikuwa siku ya kumi na moja ya mwezi, siku ambayo mjane wa tabaka la Kibrahmini hali wala hanywi, na joto la Krishnanagar lilikuwa la kuua mtu. Alikuwa na miaka kumi na saba. Sura ya marehemu mumewe alikwisha kuisahau.

Baba yake, Harimohan Bhattacharya, alikuwa Mkaguzi wa Shule za Wasichana. Akipanda jukwaani kutetea elimu ya mwanamke, watu walifuta machozi. Akirudi nyumbani alikuwa bubu. Lakini leo Mkurugenzi wa Elimu, Mzungu, na mkewe walikuja kunywa chai, na Rai Bahadur, cheo cha heshima ambacho Waingereza humpa Mhindi, kilikwisha kunukia. Akamwita binti.

“Wasomee Kiingereza chako, mama. Wakifurahi, mtihani wa Kalkuta utaufanya.”

Mtihani ule ndio ungemfanya mwalimu, umtoe jikoni kwa shangazi yake. Hemlata alisoma, midomo imepasuka, asikosee hata neno.

Memsahibu, mke wa Mkurugenzi, alifurahi mno. Akamimina sharubati, akamnyooshea bilauri. “Maskini, koo limekukauka. Kunywa.”

Hemlata akamtazama baba. Nyuma ya pazia shangazi alikohoa.

“Atakunywa, madam,” Harimohan alicheka. “Sisi si watu wa ushirikina.” Kisha kwa Kibengali, meno yakiwa bado nje: “Kunywa, wee! Unataka kuniaibisha?”

Akanywa. Ilikuwa tamu, naye akajichukia kwa utamu ule. Wageni wakapiga makofi.

Gari lao halijakata kona, shangazi alikwisha kutoka. “Siku ya mfungo! Tena mkononi mwa mla ng’ombe! Nani atakula tena katika nyumba hii? Nani atamwoa mdogo wake?”

“Mimi sikumnywesha,” alisema mtetezi wa wanawake. “Kinywa ni chake.”

“Na mtihani, baba?”

“Mtihani! Mjane aliyevunja mfungo, nikamketishe kati ya mabinti wa watu? Nami ndiye mkaguzi?”

Asubuhi kuhani aliitwa. Akachanganya maziwa, mtindi, samli, mkojo wa ng’ombe na mavi yake, kama utakaso unavyotaka, akamkabidhi Hemlata bakuli anywe. Uani kinyozi alinoa wembe wa kumnyoa kichwa. Sebuleni Harimohan alikuwa akijaribu sauti: “Mabibi na mabwana, mwanamke aliyeelimika…” Akachungulia uani.

“Amemaliza?”

“Anatapika, bwana,” alijibu kinyozi.

“Mpeni tena. Na fungeni mlango, natunga hotuba.”