Uso wa Twaha Kwenye Monita

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na mwaka ule wa tisini na tisa zilikuwa karibu zaidi. Nalisema hili mapema ili atakayesikia nikimsema kaka yangu asishangae.

Baba yangu, Mzee Mwishehe, alikuwa anapofuka. Presha ya macho ilishachukua jicho la kushoto, na la kulia lilibakiza tundu dogo katikati. Alituona vipande vipande, kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Jumanne alikuwa apasuliwe, na daktari hakumficha: huenda tundu likabaki, huenda likafunga moja kwa moja. Baba alimsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru, na tulipofika nyumbani Mtoni akaniambia jambo moja tu.

"Kabla ya Jumanne nataka nimuone Twaha."

Twaha ni kaka yangu. Aligombana na baba mwaka wa tisini, akapanda meli Kurasini na begi moja, na tangu hapo tukawa tunasikia tu kwamba yupo, leo bandari hii, kesho ile. Picha zake zote baba alizichoma wiki hiyohiyo. Hasira zangu sikuziokota barabarani.

Wiki ile baharia mmoja alileta bahasha ofisini kwetu, kwa wakala wa kutoa mizigo bandarini, ambako mimi nilikuwa mchapaji. Ndani hamkuwa na barua. Mlikuwa na disketi moja na kikaratasi: picha yangu imo humu, mwonyeshe mzee. Huyo ndiye Twaha. Watu wote duniani wanatuma picha ya karatasi, yeye anatuma disketi.

Ila safari hii, bila kujua, alipatia. Picha ya karatasi baba asingeiona hata ungemwekea puani. Hata kioo cha laptopu ya ofisi, niliyoruhusiwa kwenda nayo nyumbani siku za mapumziko, kwake kilikuwa ukungu mtupu. Alichokiona ni monita yangu ya nje, kubwa, nzito kama mfuko wa saruji, niliyoipata kwenye vitu vya mitumba vilivyoshushwa kwenye kontena. Ile ilikuwa na mwanga mkali. Nilikuwa nikiiunganisha na laptopu, namwandikia matokeo ya mpira kwa herufi kubwa kama mayai, naye anasogeza uso mpaka pua inagusa kioo, anasoma magoli mojamoja. Hizo ndizo zilikuwa jioni zetu nzuri.

Programu ya zamani ya laptopu haikuweza kuifungua picha ya Twaha. Basi Ijumaa Gaspar, fundi wa kompyuta pale ofisini, akapakia programu mpya ya kuendesha mashine nzima, na picha ikafunguka. Nikamwona kaka yangu kwenye kile kioo kidogo. Kanenepa. Nikamtazama kwa dakika nzima nikitafuta la kumtukana, sikulipata.

Nikakimbilia nyumbani. Nikachomeka waya wa monita nyuma ya laptopu, nikawasha. Monita giza. Nikaingia kwenye mipangilio, mashine ikaniandikia kwa Kiingereza chake kwamba haioni kioo chochote cha nje. Haioni! Nyumba moja, wasioona wawili.

Jumamosi Gaspar akaja mwenyewe kutoka Tabata. Ni mtu mzima wa watoto wanne, mpole, anayezungumza na mashine kama anambembeleza mgonjwa anywe uji.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, fundi. Umekuja kuniamshia mwanangu?"

"Tutajaribu mzee. Mungu akipenda."

Akachomoa waya, akahesabu vijino vyake kwa kucha, hakuna kilichopinda. Akabonyeza vile vitufe viwili vya kuhamishia picha kwenye kioo cha nje. Akazima, akawasha. Akaondoa programu ndogo ya kioo, akairudisha, akazima tena, akawasha tena. Kila mara ilikuwa vilevile: kioo kidogo kinaamka, kikubwa kinalala.

Baba alikaa kwenye stuli kando ya soketi, mahali pake pa siku zote. Mchana ulikuwa wa joto zito lile linalofanya sauti za mtaani zije kutoka mbali, hata ya jirani anayetwanga ukuta wa pili. Pazia lilivuta pumzi na kuziachia. Kwenye kioo cheusi cha monita nilituona wote watatu, wadogo, wenye rangi ya chai, na dirisha nyuma yetu. Nikahisi kwamba sisi ndio tumo humo ndani, na kwamba yupo mtu upande wa pili anahangaika kutuwasha. Sijui kama nilisinzia.

"Nimemuota," baba alisema ghafla. "Kaingia na begi lake. Mwili wake, mwendo wake. Mahali pa uso pana mwanga tu."

"Umesinzia baba, joto hilo."

"Nimesinzia, ndiyo. Lakini nimemuota."

Gaspar alikuna kichwa. Jioni akaibeba monita mpaka kwake, na Jumapili baada ya kanisa akarudi nayo akitokwa jasho. Kwake, alisema, iliwaka palepale, bila taabu, kwa kompyuta yake mwenyewe. Tukaiunganisha na laptopu. Giza.

Hapo nikapandisha. Nikamwambia Gaspar programu yake ni takataka, nikamwambia Twaha, asiyekuwepo, kwamba hata picha yake ni jeuri kama yeye. Gaspar akarudi kukagua waya. Baba alibaki ameielekezea monita uso, na hilo liliniudhi kuliko vyote. Maana kulikuwa na jingine lililokuwa likinila tangu hospitali, na niliseme. Miaka tisa nimemshika mkono mzee huyu mpaka msikitini, mpaka msalani, na jicho lake la mwisho analitaka kwa Twaha.

Ikaadhiniwa alasiri. Baba akanyanyuka, akashika ukuta, akaenda uani kutawadha. Nikamsikia akimimina maji kopo kwa kopo. Gaspar, kwa kukosa la kufanya, akazima na kuwasha laptopu mara moja zaidi.

Monita ikakohoa. Ikatoa ule mlio wake wa kioo kinachojaa umeme, na uso wa Twaha ukajaa chumbani.

Tukatazamana. Tukaogopa hata kuigusa.

"Sasa nimefanya nini?" Gaspar alinong'ona. "Ndo kilekile cha jana." Akafikiri. Akaitazama ile stuli tupu. "Dada Munira, hivi mzee anakaaga pale anafanya nini?"

Nikajua kabla hajamaliza kuuliza. Mtaani kwetu mgao wa umeme ulitufundisha adabu moja: kitu kikubwa hakikai kwenye plagi bila kazi, na umeme ukirudi kinawashwa mwisho, baada ya taa, baada ya feni, umeme ukishatulia. Televisheni ngapi zimelia paa na kutoa moshi Mtoni kwa kuisahau adabu hiyo. Kwa hiyo kila Gaspar alipozima laptopu, baba alisikia kale kamuziki kake ka kuaga, akapeleka mkono ukutani akachomoa plagi ya monita. Laptopu ikishaamka na kutulia, akairudisha. Alifanya hivyo Jumamosi nzima mbele ya macho yetu manne mazima, na hatukumwona, kama usivyomwona mtu anayefunga mlango.

"Programu ya zamani ilikuwa inapeleka picha tu, bila kuuliza," Gaspar alisema taratibu. "Hii mpya inapiga hodi mara moja, wakati inaamka. Asipoitika mtu, ndo basi, haipigi tena."

Nilitaka kucheka na nilitaka kugombana. Baba alipomaliza kuswali nikaenda kumchukua mkono.

"Njoo, kimewaka."

Akakaa. Gaspar akamwinamia kwa heshima zote. "Mzee, samahani, soketi hiyo tuiache leo."

"Nani kaigusa soketi?" baba akauliza.

Hatukumjibu. Alishasogeza uso. Niliikuza picha mpaka jicho moja la Twaha likawa kubwa kama sahani, nikawa naisogeza polepole kwa kipanya, naye anafuata kwa lile tundu lake. Nyusi. Paji la uso, ambalo nywele zilishaanza kulikimbia. Pua. Mwanga wa kioo ulimpaka baba usoni, akaonekana kijana na mzee kwa pamoja. Nje mtu alimwita mtu, na sauti ikapita kama haituhusu.

Akafika kidevuni, akasimama.

"Hili kovu la wapi?"

"Baiskeli, baba. Alianguka akiwa na miaka saba. Wewe ndiye uliyembeba mpaka hospitali ya Temeke, damu imejaa shati lako."

"Mie?"

Akasogeza pua karibu zaidi na kovu. Mimi sikuweza tena.

"Na mimi je?" nikasema, na sauti ikanitoka vibaya, mbele ya mgeni. "Jumanne inakuja na hujasema hata mara moja, Munira sogea nikuone. Miaka tisa baba. Unamtaka huyu aliyekukimbia."

Hakugeuka. Aliweka kidole kwenye kioo, juu ya kovu.

"Wewe nikifumba macho nakuona," alisema. "Nakuona unavyofunga mlango kwa nyonga mikono imejaa vyombo. Nakuona unavyouma mdomo ukikasirika, kama sasa hivi. Huyu nikifumba, hayupo. Nilimchoma, akaungua kweli. Mie giza siliogopi, mwanangu. Nilikuwa naogopa kuingia humo na mtoto mmoja tu."

Gaspar akajifanya anakunja waya ambao ulikuwa umeshakunjwa. Mimi nililia palepale, sikujificha, kamasi na vyote.

"Sikio la upande huu sijaliona," baba akasema.

Nikajifuta kwa mtandio, nikashika kipanya, nikamsogezea.