Picha Moja ya Cresensia

Tusimsingizie mtu hapa, sheria aliitunga Raphaeli mwenyewe. Kazi yake ilikuwa kutunza stoo ya shamba la kahawa kule Oldeani, lakini kwa miaka kumi na miwili alikuwa akipiga watu picha baada ya misa, kwa kamera aliyoachiwa na bwana mmoja wa shamba alipokuwa anarudi kwao. Na alikuwa mkali, nakwambia. Mbele ya Raphaeli unasimama wima, mikono ubavuni, meno ndani, pumzi umeibana. Ukitikisika anakugombeza mbele ya wakwe zako, na picha ikitoka ina ukungu anaichana. Filamu ilikuwa adimu kuliko sukari, kwa hiyo watu walitii, kuanzia Oldeani mpaka Qurus.

Basi mwaka themanini na mbili dada yake, Hyasinta, akachoka na netiboli ya bintiye. Cresensia alikuwa darasa la saba, mfungaji wa timu ya shule, na kila siku ya mazoezi alirudi nyumbani giza linaingia, ng'ombe hajamkamua na ndama ameshamaliza maziwa yote.

"Mnamsifia tu, anacheza, anacheza," Hyasinta alimwambia mdogo wake. "Mimi na goti hili siwezi kufika uwanjani. Niletee picha nimwone akicheza. Nikiona ni upuuzi, mechi ya Qurus ndiyo ya mwisho."

Raphaeli akakubali kifua mbele. Hakusema kwamba kwenye kamera imebaki picha moja tu, na kwamba filamu nyingine haipo Karatu wala Arusha. Lakini usingizi ulimpaa, maana alimpenda yule mpwa wake, na alijua binti akinyimwa mpira atanyong'onyea.

Jumamosi wakapanda tela la trekta mpaka Qurus. Kipindi cha kwanza Cresensia akaupata mpira karibu kabisa na goli, na Raphaeli akainua kamera.

Uwanja mzima ukasimama. Wasichana wa Qurus walishusha mikono ubavuni na kufunga midomo. Mwalimu Evarista, aliyekuwa mwamuzi, akaweka sawa kitambaa chake cha kichwani. Naye Cresensia, mpira ameukumbatia tumboni, akamkodolea macho mjomba wake kama mtu anayesubiri sindano.

"Chezeni bwana," Raphaeli akasema.

"Si utatugombeza?" aliuliza beki mmoja wa Qurus, meno hayajaonekana bado.

"Sigombezi. Leo tikisikeni."

Nani amwamini? Walishaona watu wazima wakifokewa kwa kupepesa jicho tu. Akashusha kamera, mchezo ukaendelea palepale. Akainua tena, wakaganda tena. Raphaeli alitamani kulia. Miaka kumi na miwili ya ukali wake ilikuwa inamrudia mwenyewe.

Wakati wa mapumziko akamvuta mpwa wake pembeni.

"Mjomba, mwili wenyewe unakataa," Cresensia akasema. "Tangu komunyo ya kwanza unaniambia nisitikisike."

"Sasa sikiliza. Ukisimama, mama yako ataona mtoto aliyebeba mpira. Basi. Utakamua ng'ombe mpaka uolewe."

Cresensia alirudi uwanjani ameuma mdomo.

Dakika za mwisho zikafika, mabao nane kwa nane. Mpira ulipokuwa hewani kuelekea kwa Cresensia, Raphaeli akainua kamera. Qurus wote wakasimama wima, mikono ubavuni. Cresensia naye akaanza kukakamaa, magoti yakamnyooka, halafu akaruka. Akaudaka mpira, akageuka, akaurusha. Raphaeli akabonyeza. Mpira ukapita kwenye pete.

Qurus wakalalamika kwamba walikuwa wanapigwa picha. Mwalimu Evarista akawauliza ni nani aliyesikia filimbi yake, na bao likahesabiwa.

Filamu ikapelekwa Arusha kusafishwa, ikakaa mwezi mzima. Raphaeli akafungua bahasha. Qurus walitoka vizuri mno, unaweza kuwahesabu vifungo. Mwalimu Evarista alitoka kama bibi harusi. Katikati yao kulikuwa na wingu la ukungu, na chini ya wingu kisigino kimoja. Kwa sheria yake mwenyewe, picha ile ilikuwa ya kuchanwa.

Akaipeleka hivyo hivyo, kichwa chini.

"Nisamehe, dada. Ametikisika."

Hyasinta akaitazama muda mrefu, akaisogeza karibu na mlango penye mwanga. Akakiweka kidole juu ya ule ukungu.

"Hawa wengine wote wamesimama tu," akasema. "Wa kwangu ndiye anayecheza."

Raphaeli akashusha pumzi. Hyasinta akaichomeka picha kwenye fremu ya picha ya harusi yake, akachukua ndoo ya maziwa nyuma ya mlango na kumkabidhi mdogo wake.

"Mazoezi ni Jumanne na Alhamisi," akasema. "Uwe unafika kabla ndama hajafunguliwa. Na yule ng'ombe hapendi mtu wa kugombeza."