Kilo Tatu za Mzee Tokujiro

Minase Kotoe alikuwa na miaka thelathini na tatu, na kwa mwanamke anayekula kwa tenisi huo ndio umri ambao watu huanza kukuuliza utaacha lini hata kabla hujavua viatu. Aliwahi kuwa wa tisini na nne duniani. Sasa alikuwa wa mia nne na kumi na mbili. Miaka miwili mizima mipira yake ilikuwa ikitoka nje, si sana, kiasi cha kiganja tu, lakini nje ni nje. Akabadilisha viatu, akamfukuza kocha, akaacha hata vitamu. Wapi! Masika ile akawaambia wazazi wake kwamba akitolewa kwenye mchujo wa mashindano ya nyumbani, hapo Gifu, anaacha. Alisema bila kulia, halafu akaenda bafuni akalia.

Kitu kimoja hakuthubutu kukibadilisha, nacho ni fundi wa nyuzi. Fundi alikuwa baba yake, Mzee Tokujiro, mwenye duka la raketi karibu na stesheni. Tangu Kotoe ana miaka saba, hakuna mkono mwingine uliokaza nyuzi zake. Akiwa mbali, raketi zilimfuata kwa posta, kila moja na kikaratasi cha mkazo wa nyuzi: kilo 24. Kumpa fundi mwingine aliona ni kumtukana baba.

Asubuhi ya mechi ya mwisho ya mchujo, uzi mmoja wa raketi aliyoitegemea ukakatika akipasha mwili moto, na Mzee alikuwa bado hajafika. Shida haina adabu. Kotoe akaipeleka raketi kwa Mama Haga, fundi wa mashindano aliyekaa na mashine zake mbili langoni.

"Kilo ngapi, dada?"

"Ishirini na nne, kama kawaida."

Nusu saa baadaye akapiga mpira wa kwanza. Ukaangukia ndani ya mstari. Wa pili ndani. Wa kumi ndani. Akadhani ni upepo, akachukua raketi iliyokazwa na baba: nje. Akarudia ile ya Mama Haga: ndani. Akarudi langoni karibu kukimbia.

Mama Haga akaweka kipimo juu ya nyuzi za Mzee, akasoma, akafuta miwani, akasoma tena. "Hii ni ishirini na moja." Akapima na nne nyingine za Mzee, zote vilevile. "Ndiyo maana mpira unapaa."

"Zimelegea zenyewe tu."

"Zote tano zilegee sawasawa? Thubutu! Huyu fundi ni hodari, dada yangu. Amekusudia."

Ndipo Mzee Tokujiro akaingia na baiskeli yake, matonge ya wali yakining'inia kwenye usukani.

"Baba, hizi ni kilo ngapi?"

"Si imeandikwa?"

"Nakuuliza wewe, sikuulizi karatasi."

Mzee akamtazama Mama Haga, akakiona kipimo. Njia ya mwongo fupi. "Ishirini na moja," akasema.

"Tangu lini?"

"Tangu baridi ya mwaka juzi, bega lilipokushinda hata kuinua bakuli la supu. Nilipunguza nusu kilo, maana nyuzi zilizolegea hazilichoshi bega; hukugundua. Nikapunguza nusu nyingine."

"Sikugundua? Nilijua nimezeeka, Baba! Nilimfukuza Kocha Iwase kwa ajili ya mipira hiyo! Miaka miwili najiona sifai kitu!"

"Ningekwambia ungekataa."

"Ndiyo, ningekataa!"

"Basi bega lingekwisha. Mimi ni fundi wa nyuzi, mwanangu. Bega silijui kulitibu. Nilichokuwa nacho ni kilo tu."

Daktari alikuwa amesema bega lile lingedumu mwaka mmoja, na lilikuwa limedumu miwili. Kotoe alimpenda baba yake, na alitamani kumpiga na raketi, vyote kwa pamoja.

"Nikazie ishirini na nne. Zote."

"Ishirini na mbili."

"Baba, hapa si sokoni!"

"Ishirini na mbili na nusu, na hapo nimeumia."

"Ishirini na tatu," Mama Haga akadakia, akimsogezea Mzee kiti kwenye mashine. "Anza moja, mimi nashika nyingine. Mnatuchelewesha wenzenu kula."

"Na uandike ishirini na tatu," Kotoe akasema. Mzee akaandika.

Mpinzani alikuwa binti wa miaka kumi na tisa, Otowa, mwenye mapafu ambayo sijui aliyanunua wapi. Walichezeshana kwa muda wa saa tatu hivi. Mipira ya Kotoe ilitua pale pale alipoitaka, na kila ilipotua alisikia raha ambayo alikuwa ameisahau. Akachukua seti ya kwanza. Otowa akachukua ya pili. Katika ya tatu, bega likawaka moto. Mpira wake wa mwisho ulikuwa mzuri kuliko yote ya siku ile, ukaenda pembeni kabisa, ndani, na yule mtoto akaufikia. Saba kwa tano. Kotoe alikuwa ameshindwa.

Langoni mama yake, Bi Sumie, alisimama na shada kubwa la maua, macho mekundu. Alikuwa ameliagiza mapema, maana mchezaji anayestaafu haondoki mikono mitupu. Kotoe akalipokea kwa mikono miwili, akainama, akageuka, akamkabidhi Otowa.

"Umenichezea kweli leo, mdogo wangu. Mwezi ujao tuna mashindano ya Kyoto. Huko sikuachii."

"Kotoe!" mama akamaka. "Hayo maua ni ya kustaafu!"

"Mama, mtoto wa miaka kumi na tisa anastaafu nini?"

Watu wakacheka. Mzee Tokujiro hakucheka. Akamsogelea bintiye, akauliza polepole, "Na bega?"

"Linauma vibaya sana." Machozi yalikuwa yakimtoka naye anacheka. "Lakini sijaisha, Baba. Kumbe siku zote hizo sikuwa nimeisha!"

Mzee, ambaye asubuhi ile alipita hekaluni kuomba leo iwe mwisho wa tenisi ya bintiye, akamvua mkoba wa raketi kutoka bega lile, akautia begani mwake, wakaanza kutembea kuelekea dukani.